Jina Linalobaki Nyuma: Utambuzi wa Wachoraji wa Vitabu Huria vya Kiswahili katika Mpaka wa Rusizi

Ikisiri

Makala hii inajadili namna majina ya wachoraji, waandishi na wafasiri wa vitabu huria vya dijitali yanavyopotea vitabu hivyo vinapotafsiriwa, kurekebishwa na kuchapwa upya. Mahali panapotumiwa kama kielelezo ni sekta ya Mururu, wilayani Rusizi, ambako Kiswahili cha Rwanda na cha Kivu hukutana. Hoja yake ni kwamba jina hupotea zaidi kwa sababu ya mahali lilipowekwa kuliko kwa sababu ya nia mbaya, na kwamba likishapotea, uhalali wa kukichapa kitabu nao huingia mashakani.

Kitabu kinachovuka mto

Sekta ya Mururu imepakana na Mto Rusizi, unaotoka katika Ziwa Kivu na kuitenganisha Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ng'ambo ya mto ni jiji la Bukavu. Kiswahili kilikuwa lugha ya soko na ya kivuko katika eneo hili muda mrefu kabla Rwanda haijakifanya lugha rasmi mwaka 2017. Hata hivyo, Kiswahili cha pande hizi mbili si kimoja. Mboga ambayo kitabu kilichoandikwa Mombasa au Dar es Salaam kitaiita kisamvu, mtoto wa Bukavu huijua kwa jina la sombe, na jirani yake wa Mururu, ambaye kwa Kinyarwanda huiita isombe, ataelewa sombe upesi kuliko kisamvu.

Tuseme mwalimu wa Mururu anatafuta hadithi fupi za Kiswahili za kuwasomesha watoto. Vitabu vya kununua ni vichache na bei yake si ya mshahara wa mwalimu. Kwenye intaneti, lakini, ipo hazina kubwa isiyolipiwa. African Storybook, mradi ulioanzishwa mwaka 2014 na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, una hadithi zenye picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili na Kinyarwanda zikiwamo. Mwalimu atapakua hadithi, atabadili kisamvu kiwe sombe, atakata sentensi mbili zilizo ndefu, kisha atakwenda kwenye duka la kutolea kopi. Kwa kuwa kila karatasi ina bei yake, ukurasa wa mwisho usio na hadithi wala picha hautatolewa kopi. Ukurasa huo ndio wenye majina.

Hakuna mwizi katika kisa hiki. Mwalimu amefanya hasa kile ambacho waliokiweka kitabu hicho hadharani walitaka kifanywe: amekichukua, amekirekebisha, amekifikisha kwa watoto. Tendo moja tu hakulifanya, nalo ndilo pekee aliloombwa kama malipo.

Sharti moja na sababu zake

Vitabu vya aina hii hutolewa kwa leseni za Creative Commons, ambazo za kwanza zilitangazwa Desemba 2002, na ambazo toleo lake la 4.0 linalotumika sasa lilitoka Novemba 2013. Leseni hizo ni sita. Baadhi huzuia matumizi ya kibiashara, nyingine huzuia kusambaza kazi iliyobadilishwa, na nyingine humtaka anayebadilisha atoe kazi yake mpya kwa masharti yaleyale. Zote sita, bila kubagua, hudai mtunzi atajwe. Chombo kilicho nje ya orodha hiyo ni CC0, ambacho kwacho mtunzi huachilia haki zake zote kadiri sheria inavyomruhusu; kukitaja pamoja na zile sita, kama wafanyavyo baadhi ya waandaaji wa miongozo, huwachanganya watumiaji bure.

Sharti lenyewe si gumu. Mtumiaji hutakiwa kumtaja mtunzi kama alivyojitambulisha, kuonyesha leseni na kiungo chake, kuhifadhi tangazo la hakimiliki lililokuwapo, na kusema kama kazi imebadilishwa. Haya yote yanaweza kufanywa kwa namna yoyote inayofaa kulingana na chombo na mazingira. Aliyebadili kisamvu kuwa sombe, kwa hiyo, anadaiwa nusu mstari zaidi: kwamba matini yamerekebishwa. Jambo lisilojulikana sana ni kwamba mtunzi naye anayo haki ya kuomba jina lake liondolewe. Mchoraji asiyependa matumizi fulani ya picha yake halazimiki kubaki ameandikwa humo.

Leseni si msingi pekee. Kifungu cha 6bis cha Mkataba wa Berne, kilichoongezwa katika marekebisho ya Roma ya mwaka 1928, kinampa mtunzi haki ya kudai utunzi wake hata baada ya kuhamisha haki zake za kiuchumi. Kongo imo katika mkataba huo tangu 1963, Rwanda tangu 1984, Kenya tangu 1993 na Tanzania tangu 1994. Kauli inayosikika mara kwa mara katika warsha za elimu, kwamba kitu cha bure hakina mwenyewe, haina mguu wa kusimamia upande wowote wa Mto Rusizi. Mchoraji ametoa ruhusa ya kutumia. Hakusema kwamba hakuchora.

Mfano wa Simbegwire

Hadithi ya Simbegwire, iliyomo katika African Storybook, inaonyesha kiasi cha watu wanaosimama nyuma ya kitabu kimoja kidogo. Inamhusu msichana aliyefiwa na mama, akateswa na mama wa kambo, akakimbilia msituni hadi shangazi yake alipomkuta. Jina la msichana huyo halihitaji kuelezwa kwa msomaji wa Kinyarwanda. Mwandishi wake ni Rukia Nantale na mchoraji ni Benjamin Mitchley. Hadithi hiyo imo pia katika Storybooks Canada, mradi wa Chuo Kikuu cha British Columbia uliochukua hadithi 40 za African Storybook na kuzitoa katika lugha zinazozungumzwa na familia za Kanada, Kiswahili kikiwa mojawapo. Mtoto wa familia iliyotoka Kivu akiwa Vancouver anaweza kuisoma, na mwishoni mwake akakuta aliyeandika, aliyechora, aliyetafsiri na leseni iliyotumika.

Hapa panaonekana jambo ambalo mijadala ya hakimiliki hulipita haraka mno. Picha huishi muda mrefu kuliko matini. Kila tafsiri mpya huondoa maneno ya awali na kuweka mengine, lakini picha hubaki zilezile katika lugha zote. Mchoraji ndiye mtunzi ambaye kazi yake haibadiliki na ndiye, kwa bahati mbaya, anayesahaulika kwanza, kwa kuwa mrekebishaji hujiona kuwa anashughulika na maneno. Picha moja ikichomolewa na kutumwa kwa WhatsApp kutoka kundi moja la walimu hadi jingine, haina ukurasa wa mwisho wa kuuacha. Imeondoka uchi.

Hasara ya mchoraji ni ya kweli. Mwenye kutoa picha bila kulipwa kwa kila nakala hutegemea jina lake lifanye kazi ambayo fedha haikufanya: mchapishaji aione picha, aulize ni ya nani, amtafute, ampe kazi ya kulipwa. Kwa kijana wa Kamembe au Bukavu anayechora kwa simu, asiye na cheti cha sanaa wala mtu wa kumtambulisha, jina lililo chini ya picha ndilo wasifu wake wote.

Hasara ya mtumiaji nayo ni ya kweli, ingawa huchelewa kuonekana. Jina na leseni husafiri pamoja, na likipotea moja hupotea jingine. Kitabu kilichokwisha kutolewa kopi mara tatu bila ukurasa wake wa mwisho hakimwambii mtu kama kinaruhusu biashara au la. Wilaya au shirika likitaka kukichapa nakala elfu kadhaa, halina namna ya kujua kama kulipa kiwanda cha uchapaji na kuuza nakala ni halali. Mwanasheria mwangalifu atashauri kiachwe. Hivyo ndivyo kitabu kilichotolewa bure kwa watoto wote kinavyogeuka kuwa kitabu ambacho hakuna mwenye dhamana anayethubutu kukichapa.

Jina lililoshonwa ndani

Tatizo la mahali pa kuweka jina si geni kwa Waswahili, na wahenga walikuwa na jibu lake. Katika tenzi, mtunzi huingiza jina lake katika beti za kufungia, mara nyingi pamoja na tarehe na idadi ya beti. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa katikati ya karne ya 19, unajulikana ni wa nani kwa sababu jina limo ndani ya utungo wenyewe. Mnakili aliyetaka kuunakili wote hakuwa na budi kuunakili na jina. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa hayakuwa na kinga hiyo. Yalipokusanywa miongo kadhaa baada ya kufa kwake, kazi hiyo ilitegemea kumbukumbu na maelezo ya Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyeyafikisha kwa W. E. Taylor, hata William Hichens akayachapisha mwaka 1940. Laiti Sikujua asingekuwapo, mengi ya mashairi hayo yangekuwa leo ya mtunzi asiyejulikana.

Kanga nayo ina somo lake. Maelfu kwa maelfu ya kanga zimepita mikononi mwa wanawake wa pwani na bara zikiwa na maandishi madogo ya K.H.E. – Mali ya Abdulla, alama ya nyumba ya biashara ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa. Maandishi hayo hayakuharibu nakshi wala kumzuia mtu kuvaa. Yanathibitisha kwamba kitu kinachochapwa kwa wingi kinaweza kubeba jina kwenye kila kipande. Yanathibitisha pia jambo lisilopendeza: jina lililobebwa ni la mfanyabiashara, ilhali mchoraji wa nakshi hatajwi.

Teknolojia ya sasa inaweza kurudia mbinu ya tenzi bila shida. Faili la picha lina nafasi ya ndani ya kuhifadhi jina la mtunzi, leseni na chanzo. Programu ya Bloom, iliyotengenezwa na SIL kwa ajili ya vitabu vya lugha zenye maandishi machache, husoma taarifa hizo na kuzipeleka kwenye ukurasa wa utambuzi, na picha zisizo na taarifa huonekana kuwa na upungufu. Udhaifu wa njia hii ni kwamba programu nyingi za kutumiana ujumbe hufuta taarifa za ndani ya picha zinapoipunguza ukubwa. Kwa hiyo taarifa za ndani hazitoshi peke yake. Mstari mdogo chini ya kila picha, "Mchoro: Benjamin Mitchley, CC BY", huchukua nafasi isiyofika nusu sentimita na husalimika hata katika fotokopi hafifu.

Wapo watakaosema mstari huo utamchosha mtoto anayejifunza kusoma. Pingamizi hili lina uzito katika vitabu vya daraja la kwanza, vyenye maneno matano kwa ukurasa. Hapo jina linaweza kuwekwa kwenye jalada, chini ya jina la mwandishi, ambako hakuna mtoa kopi atakayeliacha. Sheria hailazimishi mahali pamoja. Mwaka 2015 mahakama moja ya shirikisho nchini Marekani, katika shauri la Drauglis dhidi ya Kappa Map Group, ilikubali kwamba jina la mpiga picha lililowekwa nyuma ya kitabu cha ramani, ambacho jalada lake lilibeba picha yake, lilitosheleza leseni. Lakini kinachotosha mahakamani, kwa kitabu kilichofungwa kiwandani, hakitoshi kwa kitabu kitakachofunguliwa na kutolewa kopi karatasi moja moja.

Mambo ya kuandikwa katika mkataba

Washauri wa sera hupenda kupendekeza mafunzo ya hakimiliki kwa walimu. Mafunzo hayo hayadhuru, ila yanampa mzigo mtu mwenye uwezo mdogo kuliko wote katika mnyororo huu. Mwenye uwezo ni anayelipia. Wizara au mfadhili anapogharimia vitabu huria, mkataba unaweza kutaka kila picha iwe na jina kwenye ukurasa wake au jina la mchoraji liwe kwenye jalada, taarifa za ndani ya faili zijazwe, na orodha ya picha zote na leseni zake ikabidhiwe pamoja na faili la kuchapia. Kitabu kisichotimiza hayo kisipokelewe, kama ambavyo kisingepokelewa kikiwa na kurasa zilizopinduka.

Suala la lugha ya utambuzi linabaki. Katika vitabu huria, neno la Kiingereza au la Kifaransa kwa ajili ya mchoraji mara nyingi huachwa bila kutafsiriwa hata hadithi yote ikiwa ya Kiswahili, na msomaji hajui kama jina lililofuata ni la mtu au la kampuni. Maneno mchoraji, mwandishi, mfasiri na mrekebishaji yapo na yanaeleweka Mururu, Bukavu na Zanzibar. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ingeweza kuyaweka katika kiolezo kimoja cha nchi wanachama, pamoja na neno la nne hapo juu, ambalo lina umuhimu wa pekee mpakani. Mwalimu aliyeweka sombe mahali pa kisamvu hakutafsiri wala hakutunga. Amerekebisha, na jina lake nalo linastahili mstari.