Safari ya uwanja wa ndege isikuharibie likizo wala afya

Na Daktari Wetu

MNAMO 1967, madaktari wawili wa magonjwa ya akili nchini Marekani, Thomas Holmes na Richard Rahe, walichapisha orodha ya mambo 43 ya maisha yanayoweza kumletea mtu dhiki hata akaugua. Kila jambo lilipewa alama zake. Kufiwa na mume au mke kulipata alama 100. Wagonjwa wangu hushangaa ninapowaambia kuwa likizo nayo imo katika orodha hiyo hiyo, ikiwa na alama 13, na Krismasi alama 12.

Mkazi wa Nairobi aliyewahi kuabiri ndege mwezi wa Desemba hahitaji kuelezwa sababu. Ameamka saa 9 usiku, watoto wanalia kwa usingizi, sanduku limekataa kufungika, dereva wa teksi hapokei simu, na habari zinazofika ni kwamba magari yamesimama Mombasa Road tangu Nyayo. Ndege kutoka Nairobi hadi Mombasa haichukui hata saa moja angani. Lakini kutoka Kikuyu au Kahawa hadi Embakasi, siku mbaya, yaweza kuchukua mara mbili ya muda huo. Kwa upande wa mwili, basi, kazi ngumu ya safari hufanywa kabla ya mtu kuiona ndege kwa macho.

Tuangalie kinachotendeka. Juu ya kila figo pana tezi ndogo inayotoa homoni iitwayo adrenalini. Ukiona saa inakwenda na gari haliendi, tezi hizo huamini kwamba umevamiwa. Moyo hupiga kwa kasi, mishipa ya damu hubana, shinikizo hupanda, ini humwaga sukari kwenye damu, na tumbo huacha kusaga chakula, ndiyo maana wengine husikia kichefuchefu au haja ya ghafla. Maumbile yalikusudia nguvu hizo zimsaidie mtu kumkimbia chui. Aliyeketi kiti cha nyuma cha teksi pale Bellevue hana pa kukimbilia, kwa hivyo nguvu hizo humgeukia yeye mwenyewe, au humgeukia mkewe na watoto kwa makelele.

Mtu mwenye afya njema hupita salama. Akishakabidhi mizigo yake na kuketi, mambo hutulia. Ninayemwandikia hasa leo ni yule aliye na shinikizo la damu, kisukari, pumu au maradhi ya moyo, pamoja na jamaa zake wanaosafiri naye. Kwa mtu huyo foleni ya magari si kero tu. Na mara nyingi hatari haitokani na foleni yenyewe bali na mambo aliyoyafanya asubuhi hiyo akijiandaa kwa foleni.

La kwanza na la kawaida kabisa ni kuacha dawa kwa sababu ya mkojo. Wagonjwa wengi wa shinikizo hutumia vidonge vinavyotoa maji mwilini. Mzee anajua kwamba akimeza kidonge saa 11 alfajiri, saa 1 asubuhi atakuwa katikati ya barabara akitafuta choo ambacho hakipo, na ndani ya gari yumo mkwewe. Aibu hiyo ni ya kweli na sitaki kuidharau. Basi huamua kukiacha kidonge siku hiyo. Kwa kuwa dawa zake zote zimo katika mfuko mmoja, huziacha zote. Huko aendako nako ni shughuli, sherehe na nyama choma yenye chumvi, na siku ya pili hupita vivyo hivyo. Siku ya tatu kichwa kinagonga na anaona maluweluwe.

Njia ipo, nayo ni rahisi. Wiki moja kabla ya safari, muulize daktari wako kama kidonge hicho cha maji kinaweza kusogezwa mbele hadi ufike. Kwa wengi yawezekana. Lasix, kwa mfano, hufanya kazi yake kubwa kwa muda wa saa 6 hivi baada ya kumezwa, kwa hivyo ukijua wakati wa kukimeza unajua pia wakati utakapohitaji choo. Dawa nyingine zote za shinikizo zimeze kama kawaida. Ziko ambazo hazivumilii kukatizwa ghafla, atenolol ikiwa mojawapo: ukiiacha siku moja mbili moyo huenda mbio na shinikizo likapanda, na hiyo ndiyo siku umejitia katika msukosuko wa safari.

Mgonjwa wa kisukari hukosea kwa njia nyingine. Yeye hukumbuka dawa na kusahau chakula. Anajidunga insulini au kumeza glibenklamidi jikoni akiwa amesimama, akisema chai atainywa uwanjani. Kisha foleni. Sukari ikishuka chini ya 4 mtu hutetemeka, hutoka jasho, hukasirika bila sababu na kuongea kama mlevi. Jamaa zake watasema ni wasiwasi wa safari. Huenda akazirai mbele ya mashine ya ukaguzi kabla ya yeyote kufahamu. Usimeze dawa ya kisukari kama chakula hakiko mbele yako. Weka peremende au glukosi mfukoni, si kwenye buti la gari, na mwambie anayekaa kando yako kwamba zipo.

Na dawa, jamani, ziwe kwenye mkoba unaoingia nao ndani ya ndege. Insulini hasa isiwekwe kwenye mizigo inayokwenda chini, kwa maana huko yaweza kuganda, na insulini iliyoganda ni ya kutupwa. Ziache dawa katika pakiti zake zenye jina lako, ongeza barua fupi ya daktari ikiwa una sindano, na beba za siku kadhaa zaidi ya ulizopanga kukaa. Uwanja wa JKIA ulipoteketea Agosti 7, 2013, na wafanyakazi walipogoma Septemba 11, 2024, maelfu ya abiria walikwama. Aliyekuwa na vidonge vyake mkononi siku hizo alikuwa na shida moja pungufu.

Sasa tuje kwenye muda, ambao ndio dawa ya wote, wagonjwa na wazima. Wengi hupiga hesabu kutoka nyumbani kwenda mbele: nikitoka saa fulani nitafika saa fulani. Hesabu hiyo humfaa anayekwenda harusini. Ya uwanja wa ndege huanzia kwenye ndege ikirudi nyuma. Ikiwa unakwenda ng'ambo na ndege inaruka saa 4 asubuhi, utakiwe uwe uwanjani saa 1, kwa kuwa muda wa saa 3 ndio unaoshauriwa kwa kawaida, na saa 2 kwa safari za humu nchini. Ondoa muda wa barabara, lakini uwe muda wa siku mbaya uliyowahi kuiona, usiwe ule wa Jumapili alasiri. Kisha ondoa nusu saa nyingine ya kitu usichokijua: gurudumu, mvua, mtoto aliyetapika.

Barabara ya juu ya Expressway, iliyoanza kutumiwa 2022, kilomita 27 kati ya Mlolongo na Westlands, imewapunguzia watu wengi mashaka kwa wenye pesa za kulipia. Hata hivyo ni lazima uifikie kwanza, na kutoka Rongai au Ruiru hiyo peke yake ni safari. Ukifika JKIA, ukaguzi wa kwanza hufanywa kabla hujaingia jengo la abiria. Msimu wa likizo mstari huo huwa mrefu, na mwenye pumu au magoti mabovu aombe kiti cha magurudumu anaponunua tikiti, asingoje aishiwe na pumzi. Wenzetu wa Pwani wanaotegemea feri ya Likoni, au wanaopita Changamwe kati ya malori ya bandari, wanayajua haya kuliko sisi.

Wako watakaosema kwamba kukaa uwanjani saa nzima bila kazi ni kupoteza wakati, na kwamba chai ya huko ni ghali. Chai ni ghali kweli. Beba chapati yako. Lakini sijawahi kumpima mtu shinikizo likawa limepanda kwa sababu ya kungoja ameketi.

Desturi yetu ya kusindikizana nayo yahitaji kupunguzwa kidogo. Jamaa 14 ndani ya matatu ya kukodi, huyu ashukiwe South B kwanza, yule hajamaliza kuvaa, maombi, picha, machozi. Ni mapenzi, sikatai. Agizo langu kwa msafiri mgonjwa ni kwamba maagano hayo yafanyike nyumbani jioni ya jana yake, pamoja na kufunga mizigo, ili usiku abaki na usingizi wa saa 6 au 7. Asubuhi aongozane na mtu mmoja au wawili watulivu.

Mkishakwama, na siku moja mtakwama, kuna jambo moja la kufanya ambalo halina gharama. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, kisha itoe polepole ukihesabu hadi 6. Endelea kwa dakika 5. Pumzi inapotoka taratibu, mshipa wa neva unaotoka kichwani hadi moyoni huuamuru moyo upunguze mwendo. Anayeendesha gari aweza kufanya hivyo bila kufumba macho. Mwingine apige simu kwa shirika la ndege, na saa isitangazwe kwa sauti kila baada ya dakika mbili.

Watoto wanaotapika garini wapewe mlo mwepesi na waketi mahali wanapoona nje. Dawa za kuzuia kutapika husaidia zikimezwa mapema, wala si gari likishaanza kuyumba. Lakini huleta usingizi, kwa hiyo dereva asizitumie, na promethazine asipewe mtoto aliye chini ya miaka 2.

Huulizwa sana juu ya vidonge vya kutuliza hofu ya ndege. Kwa wachache huwa naviandika. Ninachokataa ni mtu kumeza kidonge cha rafiki yake na kukishushia na bia mbili pale uwanjani. Viwili hivyo pamoja hupunguza nguvu ya kupumua, na wako waliozuiwa kupanda ndege kwa sababu walionekana hawajiwezi. Kahawa nayo, ikiwa umelala saa 3 tu, itaongeza mapigo ya moyo yaliyokwisha kuongezeka.

Limebaki jambo ambalo jamaa hawana budi kulijua. Mtu aliyeshikwa na hofu kuu hupumua haraka, vidole na midomo humfa ganzi, kifua humchoma, naye hudhani anakufa. Mketishe, pumueni pamoja kama nilivyoeleza, naye hupata nafuu katika muda wa nusu saa hivi. Ule mfuko wa karatasi unaoonyeshwa kwenye filamu usiutumie. Lakini maumivu yaliyo katikati ya kifua, mazito kana kwamba gunia limewekwa hapo, yanayopanda hadi taya au kushuka mkono wa kushoto, pamoja na jasho baridi, hayo msiyaite wasiwasi, hasa kwa aliyepita miaka 40 au aliye na kisukari au shinikizo. Wanawake na wagonjwa wa kisukari huenda wasipate maumivu makali, bali kuishiwa na pumzi na uchovu usio wa kawaida. Kama mko barabarani, geuzeni gari kuelekea hospitali iliyo karibu yenye idara ya dharura. Kama mko uwanjani, mwambieni mfanyakazi yeyote mara moja, mgonjwa asitembezwe, na kama hana mzio wa aspirini wala vidonda vya tumbo atafune kidonge cha miligramu 300. Tikiti itashughulikiwa kesho yake.