Ngoma Nayo ni Darasa

Ni saa kumi jioni. Wanakisomo wametoka shambani. Wamechoka, na wengine hawajala tangu asubuhi. Mwalimu anaandika ubaoni: ba, be, bi, bo, bu. Wanakisomo wanaitikia kwa sauti ndogo. Baada ya wiki tatu, nusu yao hawaji tena.

Lakini ngoma ikilia ng'ambo ya kijiji, watu wale wale wanakwenda. Wanacheza mpaka usiku.

Je, kosa ni la nani? Wako wanaosema kwamba wanakisomo ni wavivu. Sisi hatukubali. Mtu mvivu hachezi ngoma mpaka saa tano usiku. Shida ni kwamba mwalimu huyo alifundishwa kutumia chaki na ubao tu. Hakufundishwa kutumia ngoma, hadithi, maigizo wala michezo ya kijiji chake.

Jambo hili si geni

Marehemu Mathias Mnyampala aliwapa walimu wetu ngonjera. Ngonjera ni mashairi ya kujibizana. Mmoja hajui jambo au analipinga. Mwenzake anamweleza mpaka anaelewa. Mnyampala alifariki mwaka 1969. Vitabu vyake vya Ngonjera za UKUTA vilitoka mwaka 1970 na 1971. Walimu wakavitumia shuleni. Watoto wakasimama mbele ya wazazi na kujibizana, na mzazi asiyejua kusoma akapata somo kwa masikio yake.

Mwaka 1981 kilianzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Mwaka 2007 chuo hicho kilikuwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Huko watu hujifunza ngoma, muziki, maigizo, uchoraji na uchongaji.

Hata hivyo, kujua kucheza ngoma ni jambo moja. Kujua kufundisha kwa ngoma ni jambo jingine. Tumeona ngoma nyingi ambazo kazi yake ni kumpokea mgeni na kumsifu. Mgeni anapiga makofi, anapanda gari, anaondoka. Kijiji hakikujifunza kitu.

Walichofanya Malya

Malya ni kijiji katika Wilaya ya Kwimba, Mkoa wa Mwanza. Mwaka 1982 na 1983 walimu wa sanaa za maonyesho kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda kufanya kazi huko. Walikuwa Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi.

Walimu hao hawakuja na mchezo ulioandikwa mjini. Kwanza walikaa na watu na kuuliza. Ni jambo gani linawasumbua? Watu wakataja mambo yao. Kati ya hayo ilikuwamo shida ya wasichana wadogo kupata mimba. Wanakijiji wenyewe wakatunga maonyesho juu ya mambo hayo, kwa ngoma na maigizo ya kwao. Baada ya maonyesho watu hawakutawanyika. Walikaa na kujadiliana.

Hapo ndipo penye kazi ya mwalimu. Maonyesho bila mazungumzo ni burudani tu. Mwalimu lazima ajifunze kuuliza swali fupi, kisha anyamaze. Kunyamaza ni kugumu kwa walimu wengi!

Tena kuna jambo ambalo wanakijiji wanalijua vizuri. Katika mkutano, binti hawezi kumwambia baba yake kila kitu. Mtu na mkwewe ndiyo kabisa. Lakini katika mchezo, binti akivaa shuka la mzee na kushika bakora, anaweza kusema. Wazee wanacheka. Halafu wanafikiri.

Somo la mizani

Tuchukue mfano. Mwalimu anataka kufundisha kusoma mizani ya pamba. Anachora uso wa mizani kwenye ubao, na mshale wake. Mshale uko kwenye 42. Mwanakisomo mmoja ni mkulima. Mwingine ni karani.

"Mwanangu, mzigo wangu ni kilo ngapi?"

"Kilo 32, mzee. Haya, weka kando. Anayefuata!"

Mwalimu anasimamisha mchezo hapo hapo. Anawageukia watazamaji: "Mshale unasema ngapi?" Watu wanasogea ubaoni. Wanahesabu. Mmoja anapiga kelele: "Arobaini na mbili! Mzee ameibiwa kilo 10!"

Sasa mwalimu anauliza: "Wewe ungefanya nini?" Aliyepiga kelele anaitwa. Anachukua nafasi ya mkulima. Mchezo unaanza tena. Safari hii mkulima anaomba mzigo upimwe upya. Mwingine anasema ni heri kuita wenzake kwanza kabla ya kumkabili karani. Wanabishana. Siku hiyo tarakimu 4 na 2 hazisahauliki, maana ni fedha ya mtu.

Michezo ya mapumziko nayo inafaa. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Mzee anayecheza bao anahesabu kete kichwani haraka kuliko mwalimu. Mwanakisomo wa namna hiyo asiambiwe kwamba hajui hesabu. Anajua. Hajajifunza kuziandika tu. Mwalimu aanze na bao, kisha aandike ubaoni kile ambacho mzee amekwisha kukifanya kwa mkono.

Wasichana wakasema

Mwaka 1996 walimu wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza mpango wa Tuseme katika shule za sekondari. Wasichana walitaja mambo yanayowazuia kusoma. Waliyatungia michezo, wakaonyesha mbele ya walimu na wenzao, na mazungumzo yakafuata. Baadaye mpango huo ulienea katika nchi nyingine za Afrika.

Si kila mwalimu aliufurahia. Mtoto anayezoea kusema mchezoni, kesho atasema darasani pia. Mwalimu anayekwenda kusomea kazi hii ajue hivyo mapema.

Walimu walioko vijijini wanaweza kuanza kidogo kidogo. Waende kwa manju wa ngoma, wamsalimu, wamwombe awafundishe. Wachague wakati unaofaa. Kwa Wasukuma, kwa mfano, ngoma kubwa huchezwa baada ya mavuno, mwezi Juni mpaka Agosti. Wakati huo chakula kipo na watu wana nafasi. Mwalimu akipeleka maigizo yake mwezi Desemba, wakati wa kupalilia, atacheza peke yake na watoto.