Kwa nini redio inakoroma bondeni Karagwe

Ukitoka Kayanga kuelekea Murongo, mpakani na Uganda, sikiliza redio ya gari. Kilimani FM iko safi kabisa. Shuka bondeni, inaanza kukoroma. Wengi husema redio ni mbovu, kumbe ni kilima.

Wimbi la FM lina urefu wa mita 3 hivi na husafiri kama mwanga wa tochi: nyuma ya kilima kunabaki kivuli. Wimbi la AM la kilohezi 1,000 lina urefu wa mita 300, kwa hiyo hupinda kwa urahisi zaidi na kuingia bondeni. Basi turudi AM? Subiri kwanza.

Mchana, AM hutambaa juu ya ardhi, na ardhi hulipunguza nguvu. Ardhi inayopitisha umeme vizuri hulipunguza kidogo, isiyopitisha hulimaliza mapema. Maji ya bahari hupitisha umeme mara maelfu kuliko mwamba mkavu. Vilima vya Karagwe na Kyerwa vina mawe mengi na udongo mwekundu uliooshwa na mvua za miaka mingi. Mabonde yenye majimaji ni nafuu. Hata Ziwa Victoria halifui dafu mbele ya bahari, maana maji yake hayana chumvi ya kutosha.

Usiku mambo hugeuka. Tabaka la anga lililo kati ya kilomita 60 na 90, ambalo mchana hulimeza wimbi linalopanda, hufifia jua likizama. Wimbi hufika tabaka la juu zaidi, hurudishwa chini na kutua mamia ya kilomita mbali, bila kujali udongo wa njiani.

Kwa nini tujali? Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa Kagera, watu walihitaji taarifa siku hiyohiyo, si mpaka usiku. Redio za jamii, kama FADECO ya Karagwe, ziko FM. Kuongeza wati peke yake hakuondoi kivuli cha kilima. Kinachosaidia ni kuhamisha mnara au kuweka mtambo mdogo wa kurudia matangazo kwenye kilima kinachoona bonde.

Wewe unayesoma uhandisi au jiografia, likizo hii beba karedio. Pita mabonde ya kwenu, andika wapi inasikika na wapi haisikiki, kisha wapelekee redio ya wilaya. Duara la kwenye ramani halioneshi bonde.