Nyangumi Wasiohama

Sisi tuliosomeshwa chuoni tulimjua nyangumi kabla ya kumwona. Tulipofika kwenye kisa cha Nabii Yunus, alayhi ssalaam, tulibishana: yule samaki alikuwa chewa au nyangumi? Maalim akainua bakora, na ubishi ukaisha. Nimeukumbuka ubishi huo nilipokuwa nikisoma habari za nyangumi wa Omani, na ningependa msomaji naye azijue, maana bahari yao na yetu ni moja.

Nyangumi wa nundu wapitao kwetu, Shimoni hadi Watamu, ni wageni wa musimu. Hutoka kwenye barafu za kusini, wakafika na kusi, wakazaa na kurejea. Wa Omani hawafuati mwendo huo. Wataalamu wa nasaba wanakadiria kuwa wametengana na wenzao yapata miaka 70,000. Kinachowaweka ni kusi hiyo hiyo. Ikivuma kando ya Dhofar huyasukuma nje maji ya juu, na maji baridi ya chini yakapanda na rutuba yake, dagaa wakanawiri. Upepo uliowapeleka manahodha Maskati na boriti za Lamu ndio unaowaletea hawa riziki mlangoni. Basi wasafiri wakatafute nini?

Walakini ni wachache mno. Mikia yao, ambayo kila mmoja una alama zake kama kidole cha mtu, ilipigwa picha baina ya 2000 na 2004, na hesabu ikatoa makadirio ya nyangumi 82. Mwaka 1965 na 1966 meli za Kisovieti ziliua 242 katika Bahari ya Arabuni, na jambo hilo likafichwa miaka na miaka.

Utawalindaje 82 katika bahari pana kama ile? Hapa ndipo inapoingia hesabu ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2011. Kwa ufupi, mashua hutembea na kuandika mahali nyangumi walipoonekana.  Kompyuta huyapanga hayo kwa mahali, na ramani ikapakwa rangi: hapa yamkini wapo, pale si mahali pao.

Lakini kuna mtego, na ndio ulionivutia zaidi. Mashua hupita penye wepesi wa kupita. Mvuvi akikwambia changu wote wako mlangoni mwa mwamba, muulize kwanza ni wapi kwengine alikotupa mshipi. Kutoonekana si kutokuwepo. Kwa hivyo saa za kutafuta nazo hutiwa hesabuni, ili ramani isije ikawa ya watafutaji badala ya watafutwao.

Iliyotoka ilionyesha pwani ya Dhofar na Ghuba ya Masirah. Na ghuba hiyo ndiyo yenye bandari ya Duqm, yenye meli kubwa, na nyavu za wavuvi ambao nao wana watoto wa kulisha. Baadhi ya nyangumi wana makovu ya nyavu kwenye shina la mkia. Ramani haisimamishi meli wala haikati wavu. Humwambia mkuu wa bandari ni wapi nahodha apunguze mwendo, na baada ya hapo hana udhuru wa kusema hakujua. Nasi Lamu tuna bandari iliyofunguliwa gati lake la kwanza mwaka 2021, na majini mmo mna pomboo na nguva. Sijui kwa nini mtu asianze kwa kuwauliza wazee wa jarife.

Mwaka 2017 nyangumi jike mmoja alifungwa chombo cha kufuatwa kwa setilaiti katika Ghuba ya Masirah. Walimpa jina Luban, yaani ubani, huu huu tufukizao kwenye maulidi. Mama huyo, wa kabila lisemwalo halihami, akaipa pwani mgongo, akavuka bahari hadi kusini ya India, kisha akarejea Omani.