Jina la kibao na jina la mdomoni

Tuseme yupo fundi cherehani Kinondoni, mtaa wa ndani, mwenye miaka sita akishona madera na sare za harusi. Kitambulisho chake cha taifa kina majina matatu ambayo mtaani hakuna anayeyajua. Wateja humwita Mama Asha. Sasa amepata fremu inayotazama barabara, anataka kutundika kibao, na mpwa wake aliyemaliza chuo amemshauri aandike "Elegant Stitches Enterprises". Aandike nini?

Wengi hulijibu swali hili kana kwamba fundi huyu hana jina. Analo. Limetungwa na wateja, limezungushwa kwenye vikao vya harusi, na limemletea kazi miaka yote hiyo bila yeye kulipia tangazo lolote. Mtaji wake wa kwanza ni huo, kabla hata ya cherehani ya pili.

Kiswahili chenyewe kina namna ya kuitaja biashara ndogo: huitaja kama kwa mtu. Tunanunua mkate kwa Mangi, na Dar es Salaam Mangi anaweza kuwa mtu asiye na asili yoyote ya Uchagani. Kwa hiyo jina la biashara ya aina hii lipimwe kwanza kwa sentensi ambayo mteja ataitamka akiulizwa nguo yake imeshonwa wapi. "Nimeshona kwa Mama Asha" inatoka bila kujikwaa. Lile la mpwa halifiki mwisho. Mteja atalikatisha na kusema "kwa yule fundi wa pale kona", na hapo kibao kitakuwa kimelipiwa bure.

Sina ugomvi na lugha ya kigeni kwenye kibao. Ninachohofia ni tahajia. Sisi tunaandika tunavyosikia, na mteja aliyesikia jina hilo kwenye daladala atalitafuta Instagram kwa herufi za masikio yake. Hatalipata, au atampata mtu mwingine. Neno "Enterprises" nalo limezagaa kwenye vibao vingi kiasi kwamba halimtofautishi mtu na yeyote.

Lakini jina la mdomoni nalo lina kasoro, na ni haki kuzisema. Kina Mama Asha ni wengi. Mtaa mmoja unaweza kuwa nao watatu, na mmoja wao akawa anauza vitumbua. Tena kuna jambo la malipo. Mteja anapolipa kwa lipa namba, simu humwonyesha jina la anayelipwa kabla hajaweka namba ya siri. Akiona majina matatu ya kitambulisho asiyoyafahamu, atasita, atauliza, pengine ataghairi. Kibao, simu na mdomo vinapotaja watu watatu tofauti, mteja mgeni ana haki ya kuogopa kutapeliwa.

Njia ya kutoka hapo ilionyeshwa zamani na wafanyabiashara wa kanga. Mwenye kuijua kanga anajua ina pindo, ina mji, na yale maandishi yake huitwa jina. Mombasa alikuwepo mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak, ambaye watu walimjua kama Abdulla. Kanga zake zilitambulika kwa alama "K.H.E. – Mali ya Abdulla". Itazame alama hiyo kwa makini. Herufi tatu za mwanzo ni za mikataba na mizigo. Maneno yanayofuata ni ya mwanamke aliyesimama dukani akipekua doti. Abdulla hakulazimika kulitupa jina la mtaani ili aonekane mfanyabiashara wa maana, na jina rasmi nalo halikukosa nafasi yake.

Ndiyo maana ningemshauri fundi wetu alibakize jina lake na kuliongezea neno moja litakalomtenga na wenzake: "Pindo la Mama Asha", kwa mfano. Linatamkika, linaandikika, linaelekeza kwenye nguo bila kumfunga kwenye madera peke yake. Asiweke "Kinondoni" ndani yake. Kodi ya fremu ikipanda akahamia Mbagala, jina litakuwa linawapeleka watu alikotoka.

Sasa sheria, kwa kuwa hapa ndipo watu wengi wanapochanganya mambo matatu. La kwanza ni jina la biashara, ambalo kwa Tanzania Bara husajiliwa BRELA chini ya Sheria ya Usajili wa Majina ya Biashara, Sura 213. Ukifanya biashara kwa majina yako halisi matupu, sheria hii haikulazimishi kusajili. "Mama Asha" halimo kwenye kitambulisho, kwa hiyo lazima lisajiliwe. Cheti hicho hakizai mtu mpya: deni la biashara linabaki kuwa deni la fundi mwenyewe, pamoja na cherehani zake. Anayetaka biashara iwe na nafsi yake kisheria husajili kampuni, Sura 212, na hilo ni jambo la pili. Ni kampuni za namna hiyo zinazoruhusiwa kumalizia jina kwa "Limited". Usiliweke kwenye kibao kwa urembo.

La tatu ndilo linaloumiza watu. Cheti cha jina la biashara hakikupi umiliki wa jina hilo sokoni. Ulinzi wa namna hiyo hutolewa na alama ya biashara, chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986. Alama husajiliwa kwa miaka 7 ya mwanzo, kisha huhuishwa kila baada ya miaka 10. Huombwa kwa madaraja, nayo ni 45: nguo zilizo tayari ziko daraja la 25, lakini kazi ya kumshonea mteja kitambaa chake ni huduma, iko daraja la 40. Fundi anayefanya yote mawili ana madaraja mawili ya kufikiria.

Sheria hiyo haipendi maneno yanayosifu au kueleza bidhaa tu. "Mashono Bora" ni maneno ambayo kila fundi ana haki ya kuyatumia, kwa hiyo ni vigumu mmoja kuyamiliki. Jina ambalo halielezi bidhaa lina nguvu zaidi, na pia lina miguu mirefu: Azam limetoka kwenye unga na aiskrimu likafika kwenye boti, televisheni na timu ya mpira bila kubadilika.

Kabla ya kumlipa mchora vibao, fundi alitafute jina lake kwenye mfumo wa BRELA, upande wa majina na upande wa alama, kisha mitandaoni. Na kama madera yake yanavuka maji kwenda kuuzwa Darajani, ajue kwamba alama iliyosajiliwa Bara haimlindi Unguja. Zanzibar ina sheria yake na msajili wake, na huko atapeleka ombi jingine.