Sarafu ya Kale: Uliza Ilikotoka

Msikilizaji, juma hili nazungumzia tetradrakma, sarafu za madini ya fedha zilizotengenezwa Alexandria, Misri, wakati wa utawala wa Warumi. Wakusanyaji wengi wa sarafu za kale huanza na hizi, maana ni nyingi na mara nyingi bei yake si ya kutisha.

Augustus aliitwaa Misri mwaka 30 kabla ya Kristo. Warumi wakaidumisha desturi ya wafalme waliowakuta: sarafu za nje hazikutumika nchini. Mfanyabiashara aliyeshuka bandarini alibadilisha alizokuja nazo. Kwa kuwa sarafu hizi zilizunguka Misri tu, watawala waliweza kupunguza fedha na kuzidisha shaba, na mwananchi hakuwa na nyingine ya kukimbilia. Kufikia miaka ya 290 baada ya Kristo, fedha iliyobaki ndani yake ilikuwa chembe tu. Kaizari Diocletian akazifuta mnamo mwaka 296.

Utamu wa sarafu hizi ni tarehe. Tafuta upande wa nyuma alama inayofanana na herufi L. Maana yake ni mwaka. Hufuatiwa na herufi ya Kigiriki inayosimama badala ya tarakimu: A ni 1, B ni 2. Huo ni mwaka wa utawala wa Kaizari, ila Wamisri walifungua mwaka mpya tarehe 29 Agosti. Ndiyo sababu Galba, aliyetawala tangu Juni 68 hadi Januari 69, ana sarafu za mwaka wa 1 na za mwaka wa 2, ingawa alikaa madarakani miezi saba tu.

Hayo sarafu yenyewe hutueleza. Lakini ilifukiwa katika nyumba gani, na pamoja na sarafu zipi? Hayo hujulikana pale ilipochimbwa tu. Mwizi wa makaburi akikitawanya chungu kizima sokoni, habari hiyo imepotea, wala hakuna mtaalamu wa kuirudisha.

Misri ilipiga marufuku biashara ya mambo ya kale kwa Sheria namba 117 ya mwaka 1983. Kwa hiyo, kabla hujafungua pochi, mwombe muuzaji hati zinazoonyesha sarafu ilitoka Misri lini na imepitia mikono ya nani. Akianza kubabaika, mrudishie mali yake. Kwangu mimi, sarafu tano zenye asili inayojulikana zinashinda mia zisizo na kwao.