Utimamu wa Mwili kwa Afya na kwa Michezo: Ifahamu Tofauti

Wakazi wengi wanaposikia neno mazoezi huwaza uwanja wa mpira, jezi na vijana wenye mbio. Hivyo wapo wanaoamini kuwa jambo hilo haliwahusu, ama kwa sababu umri umesogea au kwa kuwa hawajawahi kucheza mchezo wowote. Dhana hiyo hutokana na kuchanganya aina mbili za utimamu wa mwili.

Aina ya kwanza huhusiana na afya, nayo ina vipengele vitano: uwezo wa moyo na mapafu kuhimili kazi ya muda mrefu, nguvu ya misuli, ustahimilivu wa misuli, unyumbufu wa viungo, na uwiano wa mafuta na misuli mwilini. Utimamu huu hupunguza uwezekano wa kupata shinikizo la juu la damu, kisukari cha aina ya pili na maradhi ya moyo.

Aina ya pili huhusiana na stadi za michezo. Vipengele vyake ni sita: wepesi wa kubadili mwelekeo, mizani ya mwili, ushirikiano wa macho na viungo, nguvu ya ghafla, kasi, na uharaka wa kuitikia. Hivi ndivyo humwezesha golikipa kudaka mkwaju, au mchezaji wa netiboli kupokea pasi na kusimama papo hapo bila kuyumba.

Mtu anaweza kuwa na aina moja akaikosa nyingine. Dereva wa bodaboda ana mizani nzuri na huitikia hatari upesi, lakini akishinda kutwa nzima juu ya kiti, moyo wake haupati kazi ya kutosha. Mama anayepanda mlima na ndoo ya maji huenda asiweze kupiga danadana hata mbili, ilhali mapafu na misuli yake ni imara.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima kupata angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli za nguvu ya wastani, kama vile kutembea kwa haraka, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku 2 au zaidi. Kutembea dakika 30 kwa siku 5 hutimiza kiwango hicho cha dakika. Kulima na kuchota maji navyo huhesabiwa. Watoto wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 kila siku.

Hata hivyo, stadi moja ya michezo ni muhimu mno kwa wazee, nayo ni mizani. Wenye miaka 65 na kuendelea wanashauriwa kuizoeza pamoja na nguvu za misuli siku 3 au zaidi kwa wiki, ili kuepuka kuanguka na kuvunjika mifupa. Mzee anaweza kuanza kwa kusimama kwa mguu mmoja huku ameshikilia meza au ukuta.

Wananchi wenye shinikizo la damu, kisukari au maradhi ya moyo wanashauriwa kumwona mtoa huduma wa afya kabla ya kuanza mazoezi mazito. Anayepata maumivu ya kifua au kizunguzungu wakati wa mazoezi asimame mara moja na kuwahi kituo cha kutolea huduma za afya kilicho karibu.